KUPENDA NI KWAKO, KUPENDEKEZA NI KWA MWENZAKO
Somo la chama kuhusu muziki, leso, bao na burudani za simu, kwa mifano ya Kusini mwa Pwani

 

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na mwaka huu nilichaguliwa kusimamia ubao wa chama chetu cha Kiswahili, ile sehemu iitwayo "Wanachama Wapendekeza". Kila Ijumaa wanachama huleta vikaratasi. Huyu ataja wimbo, yule ataja kitabu, mwingine ataja mchezo wa simu wa kucheza likizoni. Nimevisoma vyote, na vingi vimeandikwa hivi: "Wimbo huu ni moto sana. Usikose!" Basi, hakuna zaidi. Sasa jamani, mimi nisiyeujua wimbo huo nimeambiwa nini hapo? Nimeambiwa kwamba wewe umeupenda. Hongera. Lakini kama nitaupenda mimi, bado sijui.

Mwalimu mlezi alipoviona vikaratasi hivyo alicheka, kisha akanitaka nitayarishe somo. Ndilo hili. Nitaeleza maana ya kupendekeza, halafu nitapendekeza mambo yangu mwenyewe, mengi yakiwa ya huku kwetu Kwale, Diani na Msambweni, ili muone namna kazi inavyofanywa. Asiyekubaliana nami ana ruhusa ya kuniandikia ubaoni.

1. TUANZE NA NENO LENYEWE

Tulichambue neno kama tulivyofunzwa darasani. Mzizi ni penda. Ukilitia katika kauli ya kutendeka unapata pendeka, yaani kuwa na sifa ya kuweza kupendwa. Ukiendelea hadi kauli ya kutendesha unapata pendekeza, yaani kukifanya kitu kipendeke machoni pa mtu mwingine. Ni mtindo ule ule wa tulia na tuliza: anayemtuliza mtoto humfanya mtoto atulie, hata kama yeye mwenyewe moyo wadunda.

Hapo ndipo siri ilipo. Ukisema "napenda", unazungumza habari zako. Ukisema "napendekeza", umejitwika kazi ya kumwonyesha mwenzako kile kinachoweza kupendwa ndani ya kitu hicho, naye anaweza kuwa mtu asiyefanana nawe kabisa. Kwa hiyo pendekezo lolote ni lazima lijibu maswali manne:

(a) Ni kitu gani hasa?
(b) Uzuri wake uko wapi, ule unaosikika, kuonekana au kushikika?
(c) Kinamfaa nani, na wakati gani?
(d) Kinagharimu nini, au kina kasoro gani?

Kuna swali la tano pia, ila nitalileta mbele kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

2. MUZIKI

Nianze na taarab, maana huku kwetu hakuna harusi isiyoisikia. Pendekezo langu la kwanza ni Siti binti Saad wa Unguja. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akawa muuza vyungu mjini, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Kabla yake, taarab ya nyumba ya mfalme iliimbwa kwa Kiarabu, naye akawa mashuhuri kwa kuiimba kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1950, na mwandishi Shaaban Robert akaandika kitabu kizima cha maisha yake, Wasifu wa Siti binti Saad.

Uzuri wake uko wapi? Sikiliza ukiwa na penseli. Nyimbo nyingi za taarab ni mashairi kamili: mshororo una vipande viwili, kila kipande mara nyingi mizani 8, na vina vinarudi mahali pake kama maji yanavyorudi ufuoni. Wanaolia kwamba ushairi ni mgumu katika mtihani, nawapa dawa hii. Sikio likizoea kupokea vina, jicho nalo huviona upesi kwenye karatasi. Kasoro? Ipo. Santuri za zamani zina mkwaruzo mwingi, na msikilizaji aliyezoea muziki wa spika kubwa atachoka kwa dakika za kwanza. Avumilie. Ampe mama huyu nyimbo tatu kabla ya kumhukumu.

Pendekezo la pili ni Zuhura Swaleh wa Mombasa. Huyu namtaja kwa sababu ya chombo kimoja kilichong'aa katika kundi lake, nacho ni taishokoto. Ni chombo cha nyuzi chenye vitufe kama vya taipureta. Mkono mmoja wabonyeza vitufe, mwingine wakwaruza nyuzi. Kilibuniwa Japani mwaka 1912, kikapata makao mapya Mombasa, na ukikisikia kikienda pamoja na mdundo wa chakacha hutaamini kwamba asili yake ni mbali hivyo. Huu ni muziki wa watu wanaotaka kucheza. Ukiwa unasoma Hesabu, uzime. Lakini jioni ya harusi, hapo ndipo mahali pake.

La tatu litawashangaza: wimbo "Jambo Bwana" wa kundi la Them Mushrooms. Ulitoka mwaka 1982, mtunzi wake akiwa Teddy Kalanda Harrison, na mwaka uliofuata kundi la Boney M. la Ulaya likatoa wimbo wake kutokana na huo. Wapo miongoni mwetu wanaoudharau wakisema ni wimbo wa watalii. Ni kweli kabisa, na hiyo ndiyo sifa yake! Umejengwa kwa maneno mafupi ya salamu, mwendo wake ni wa taratibu, na mgeni aliyeshuka jana Ukunda anaweza kuuimba leo pale Diani. Nikitakiwa kumpendekezea mwanafunzi mwenzangu wimbo wa kukuza Kiswahili, sitautaja. Nikitakiwa kumpendekezea mgeni asiyejua hata neno moja, nitautaja wa kwanza. Mwaona jinsi swali (c) linavyofanya kazi? Kitu ni kile kile, mtu ndiye aliyebadilika.

La nne ndilo langu la moyoni, nalo ni sengenya. Hii ni ngoma ya Wadigo na Waduruma. Zipo ngoma za ukubwa mbalimbali, zipo kayamba, na juu ya zote ipo nzumari, ile zumari yenye sauti kali inayosikika toka kijiji cha pili. Ukimtazama mpigaji utaona mashavu yamefura kama puto. Huhifadhi pumzi mashavuni huku akivuta nyingine kwa pua, na kwa hivyo sauti haikatiki. Jaribu hilo kwa dakika moja na mrija wa soda ndani ya bilauri ya maji, mapovu yasikatike, ndipo utamheshimu.

Wengi wetu tumeijua sengenya kutokana na tamasha za muziki za shule, ambapo huchezwa kwa dakika chache huku waamuzi wakiandika alama. Hapo umeonja tu. Kijijini huchukua muda wake: wimbo huzunguka, anayeimbisha hutia maneno mapya, na mara nyingine mtu husemwa kwa mafumbo mbele ya watu wote asijue pa kuficha uso. Kasoro yake ni kwamba huwezi kuiagiza wakati wowote utakao. Lazima uifuate iliko, tena uombe ruhusa nyumbani.

Kijijini kwetu, upande wa Msambweni, yuko mzee mmoja anayepiga nzumari. Sisi watoto humwita babu. Likizo ya Agosti nilimwuliza ana wanafunzi wangapi. Akanijibu, "Mwanangu, hakuna aliyekuja kuniuliza." Jibu hilo halijanitoka. Hakusema kwamba vijana wamekuja wakashindwa, wala kwamba wameikataa. Alisema hakuna aliyeuliza. Na nani angeuliza, ikiwa hakuna aliyemwambia kijana, "Nenda kwa babu fulani, ukasikie jinsi pumzi yake isivyokatika"? Kitu kinaweza kupotea kikiwa bado ni kizuri, kwa kukosa mtu wa kukipendekeza.

3. UBUNIFU: LESO YA MAMA

Sasa tutoke masikioni twende machoni. Katika mambo ya kuchora na kupanga rangi, sina haja ya kuwapeleka mbali. Fungueni sanduku la mama.

Leso, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita kanga, imepata jina hilo kutokana na neno la Kireno lenço, yaani kitambaa cha mkono. Ina sehemu tatu. Pindo ni ule ukingo unaozunguka pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati wenye picha au maua. Jina ni yale maandishi yaliyo upande wa chini wa mji. Huuzwa vipande viwili vilivyoshikana, ndiyo doti, halafu hukatwa na kupindwa. Katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, duka la Kaderdina lilianza mwaka 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" inajulikana na mabibi zetu kama vile sisi tunavyozijua alama za timu za mpira.

Kwa nini naipendekeza kwa mwanafunzi anayependa kuchora? Kwa sababu mchoraji wa leso amefungwa kamba, na bado anacheza. Umbo ni lile lile la mstatili, sehemu ni zile zile tatu, rangi ni chache, na anajua kitambaa kitafungwa kiunoni au kutandwa kichwani, kwa hivyo picha lazima ipendeze hata ikiwa imekunjwa. Chukua karatasi, chora mstatili, ujaribu kubuni leso moja. Utaona kwamba pindo peke yake laweza kukumalizia siku nzima, maana kona zote nne ni lazima zikutane bila kugongana.

Mkinunua leso ya zawadi, fuateni haya. Kwanza igeuze nyuma: rangi ikiwa imepenya vizuri, upande wa nyuma hautapauka sana. Pili iguse: ya pamba hunyonya tone la maji upesi, ya nailoni huliacha likiteleza. Tatu tazama kama pindo limenyooka, kwani likiwa limepinda dukani, fundi hataweza kulinyoosha. Nne, na hili ndilo kubwa, soma jina kabla ya kulipa.

Wallahi si mzaha. Katika harusi moja huku kwetu, dada mmoja alimtunza mama mkwe wake leso ya rangi nzuri ajabu. Hakusoma jina. Lilikuwa kijembe cha kumwambia jirani mwenye wivu aache kuchungulia mambo ya watu. Mama mkwe alilisoma mbele ya wageni, akaikunja leso polepole, akaiweka kando. Ilichukua miezi miwili na wazee watatu kulimaliza jambo lile. Rangi zilikuwa sawa na kitambaa kilikuwa sawa, ila kilichoandikwa hakikumfaa aliyepewa. Ni lile swali (c) tena.

4. MICHEZO: BAO

Mkinipa nafasi ya mchezo mmoja tu, nitataja bao. Najua wengine mshaanza kupiga miayo mkisema ni mchezo wa wazee wa barazani. Ngojeni kwanza.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji anamiliki safu mbili. Kete zote ni 64, yaani 32 kwa kila mmoja. Mwanzoni mchezaji huweka kete 10 tu ubaoni: 6 katika shimo kubwa liitwalo nyumba, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuatana kando yake. Zile 22 zinazobaki hukaa mkononi na huingizwa moja moja. Awamu hiyo huitwa namu. Kete za mkononi zikiisha, mchezo huingia awamu ya mtaji, ambapo unacheza na zilizo ubaoni pekee. Mshindi ni yule anayeimaliza safu ya mbele ya mwenzake, au anayemfikisha mahali asipoweza kusogeza kete.

Uzuri wake hasa uko hapa. Katika drafti, kete ikiliwa hutolewa nje, imekufa. Katika bao, kete unazozila hupandwa upande wako mwenyewe, shimo moja kete moja. Hakuna kinachotoka mchezoni. Toka mwanzo hadi mwisho ni kete zile zile 64, zinahama tu. Ndiyo maana mtu aliyebakiwa na kete chache anaweza kugeuza mambo kwa mkupuo mmoja, na aliyejaa nyumba akajikuta mtupu. Mchezaji mzuri huona kichwani mahali ambapo kete ya mwisho itaangukia, naye hajagusa hata moja. Mwalimu Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, alikuwa akipenda sana bao.

Linagharimu nini? Pesa, hapana. Chimba mashimo mchangani, halafu uokote komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za kichaka chenye miiba kinachoota karibu na ufuo. Gharama yake ni muda na subira. Wiki mbili za kwanza utafungwa na kila mtu, hata na mtoto wa darasa la nne. Asiyeweza kuvumilia kufungwa, nampendekezea drafti na vifuniko vya soda.

Jambo moja zaidi: zipo programu za simu za kuchezea michezo ya jamii ya bao. Zinafaa kujifunzia mwanzo wakati hakuna mtu wa kucheza naye. Lakini zina kasoro. Simu hukuhesabia na kukupandia kete, wewe ukabaki kutazama. Kazi ile ya kuhesabu ndiyo inayonoa kichwa, na simu imekunyang'anya. Tena simu haina maneno ya barazani. Mzee akikuambia "Kijana, leo utalala njaa" kabla hajakula kete kumi na mbili kwa mpigo, hilo hulipati mahali pengine.

5. REDIO NA SIMU

Hapa najua ndipo macho yenu yalipokuwa toka mwanzo. Sitawaambia msitazame simu likizoni, maana hata mimi natazama. Nina mapendekezo matatu, kisha onyo.

La kwanza ni la redio. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Freretown, Mombasa, mwaka 1940, alianzisha kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966, akakitangaza kwa miaka mingi hadi jina lake na kipindi vikawa kitu kimoja. Alifariki Februari 2025. Ukipata rekodi zake, sikiliza jinsi anavyojenga hoja: hueleza kitendo fulani cha watu, husimulia kwa utulivu, halafu humwachia msikilizaji swali. Hakutukana wala hakupiga kelele. Kwa wanaojiandaa kwa mjadala au hotuba, huyu ni mwalimu tosha.

La pili ni la wadogo zetu wa nyumbani. "Ubongo Kids" ni katuni ya Kiswahili kutoka Tanzania iliyoanza mwaka 2014, inayofundisha hisabati na sayansi kwa nyimbo na hadithi. Mdogo wangu alijifunza mambo ya asilimia humo kabla mwalimu wake hajayafikia. Kasoro yake ni ya sisi wenye umri mkubwa: ukiitazama mara tatu mfululizo, zile nyimbo zitakukaa kichwani wiki nzima. Na bando nayo huisha, kwa hivyo mwachieni mtoto kipindi kimoja kwa siku.

La tatu ni "Shujaaz", hadithi za katuni za hapa Kenya zilizoanza mwaka 2010 zikigawiwa bure, zikashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Zinasimulia shida za vijana: kazi, pesa, mapenzi, kilimo. Michoro yake ni hai. Ila zimeandikwa kwa Sheng ya Nairobi, na sisi wa Msambweni kuna kurasa zitatuhitaji mkalimani. Na tafadhali, Sheng hiyo iishie kwenye katuni, isiingie katika insha ya mtihani.

Sasa onyo, na hapa ndipo linapoingia swali lile la tano:

(e) Ni nani anayependekeza, naye anapata nini?

Ukifungua YouTube au TikTok unakuta orodha imeshapangwa: tazama hiki, kisha hiki. Na hayo pia ni mapendekezo, lakini yamefanywa na mashine. Mashine imehesabu ulichotazama jana, na kwa muda gani, ikakisia ni kitu gani kitakachokuzuia usiondoke. Mara nyingine hukisia vizuri sana, nami nimepata humo nyimbo nzuri nisizozijua. Lakini haijui kwamba kesho una mtihani wa Kemia. Haijui kwamba nyumbani kwenu kuna babu apigaye nzumari, kwa kuwa hakuna aliyemrekodi. Yenyewe hufaidika kwa kila dakika unayobaki.

Kisha wapo watu wanaopendekeza ili walipwe. Kijana mmoja wa jamaa zangu, umri wake miaka 16, alitumiwa na rafiki yake mchezo wa kamari wa simu. Rafiki alimwambia, "Huu mtamu, mimi nishakula mara mbili." Yule kijana alikuwa na shilingi 3,000 za karo alizopewa na mama yake, mchuuzi wa samaki. Hazikufika usiku. Baadaye ikajulikana kwamba rafiki alikuwa akipewa bonasi kwa kila mtu mpya aliyemwingiza. Yaani alimpendekezea mwenzake kama mvuvi anavyompendekezea samaki chambo. Sheria yenyewe inamkataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini sheria haikuwako chumbani usiku ule. Lililokuwako lilikuwa neno la rafiki.

Ndiyo maana nasema somo hili si la mchezo. Neno la rafiki lina nguvu kuliko tangazo lolote. Ukilitumia ovyo, mtu hupoteza karo. Ukikaa nalo kimya, mzee huondoka na nzumari yake.

6. MFANO WA PENDEKEZO

Tazameni haya mawili, yote kuhusu kitu kimoja.

La kwanza: "Mpira wa ufuoni Diani ni moto. Nendeni tu, mtanishukuru."

La pili: "Napendekeza mpira wa ufuoni kwa wasio na viatu vya mpira wala kiwanja. Nendeni siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maana maji hukupwa mbali na kuacha mchanga mpana ulioshikana, mpira waenda vizuri. Tazameni saa: maji huchukua muda wa saa sita hivi toka kukupwa hadi kujaa, kwa hivyo anzeni mapema. Kasoro ni jua na vipande vya kombe vinavyokata nyayo. Asiyejua kuogelea asiufuate mpira ukiingia majini. Sipati chochote mkienda, ila mkikosa mlinda lango niiteni."

La kwanza lina maneno tisa. La pili limeniambia nini, kwa nini, lini, kwa nani na kwa hatari gani, tena mwandishi amejitaja wazi. Nikiumia mguu sitamlaumu, kwa kuwa alinionya.

7. ZOEZI

(i) Tunga sentensi moja moja ukitumia penda, pendeza, pendeka na pendekeza, ili tofauti ya maana ionekane.
(ii) Chagua wimbo mmoja uupendao. Uandikie pendekezo la watu wawili: mwalimu wako wa Kiswahili, na mdogo wako wa miaka saba. Sababu zisifanane.
(iii) Buni leso yenye pindo, mji na jina. Eleza ungempa nani, na kwa nini jina hilo halitamuudhi.
(iv) Mwulize mtu mzima wa kijijini kwenu mchezo, ngoma au ufundi ambao hakuna kijana aliyemwuliza. Uandike pendekezo la aya moja ukijibu maswali yote matano, kisha ulete ubaoni siku ya Ijumaa. Kwanza mwulize kama yu radhi watu waende kwake.

Jibu langu la zoezi la nne liko tayari ubaoni. Mzee amekubali kupokea wanafunzi wawili Jumamosi baada ya adhuhuri, na sharti lake ni moja: kila mmoja aje ameshajifunza kupuliza mapovu yasiyokatika kwa dakika nzima. Mwenye mashavu ya kutosha aandike jina lake.

Wasalamu.